Sukari iko kwenye damu, mguu umekosa nini?

Mama analima mwani huku kwetu Micheweni. Ameambiwa ana sukari, lakini analalamikia miguu: usiku inawaka moto, mchana imekufa ganzi. Vinahusiana?

Vinahusiana sana. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu, na kwa kawaida inayotangulia kuumia ni ile mirefu kuliko yote, inayoshuka hadi vidoleni. Baadaye kuwaka kunaweza kutulia, watu wakashukuru kuwa wamepona. Mimi hapo ndipo naogopa zaidi. Mguu umeacha kulalamika kwa sababu hausikii tena. Mama atakanyaga kombe kwenye mwani asijue, mpaka jioni aone damu kwenye mkeka. Na kwa kuwa damu nayo haifiki vizuri huko chini, kidonda kinachelewa kupona, vijidudu vinaingia, vinaweza kufika hadi mfupani. Watu wengi hukatwa miguu kwa njia hii.

Basi aache mwani?

Si lazima. Avae viatu vya majini vinavyomkaa vizuri bila kumchubua, na avikung'ute kabla ya kuvaa, kijiwe kisibaki ndani. Anapotia udhu aitazame miguu, unyayo na katikati ya vidole. Akishindwa kuinama, mjukuu amtazamie. Kisha akaushe vidole, maana unyevu huzaa fangasi. Asikande mguu kwa maji ya moto, ataungua bila kuhisi. Kidonda hata kiwe kama punje ya mchele akipeleke kituo cha afya, asikitie majivu wala dawa ya meno. Kikitoa harufu, ngozi ikigeuka nyeusi au akipata homa, ni hospitali siku hiyohiyo.

Macho yake mazima, apime ya nini?

Mishipa ya nyuma ya jicho huweza kuvuja huku mtu anaona vizuri tu. Mwenye sukari ya ukubwani hupimwa macho pale anapogundulika, kisha kwa kawaida kila mwaka. Atatiwa matone ya kutanua mboni, kwa hiyo asiende peke yake.

Na moyo?

Akihema, akitoka jasho la ghafla na kichefuchefu, msingoje kifua kimuume. Mwenye sukari anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu hayo.

Jirani anasema dawa za sukari ndizo zinazoua figo.

Maneno haya yamewafanya wengi waache dawa, na mara nyingi ndipo figo zinapoharibika. Kinachoziua hasa ni sukari yenyewe, na presha ikiwa juu. Figo huanza kuvujisha protini kwenye mkojo kabla ya mtu kuvimba au kuchoka, kwa hiyo mama aombe kipimo cha mkojo kila mwaka. Dawa ya kuiogopea figo ni nyingine: ile diklofenaki anayonunua dukani kutuliza miguu inayowaka. Isitoshe, haiyatulizi maumivu ya mishipa ya fahamu. Amwambie daktari, zipo dawa zake.