Damu ya kuongezewa haifuti alichorithi mtoto

Septemba ni mwezi wa uhamasishaji kuhusu selimundu, na malalamiko maabara yamekuwa mengi. Wiki iliyopita mama mmoja alitufungulia karatasi mbili zilizokunjwa kwenye kanga: ya kwanza SS (ana selimundu), ya pili AS (mbebaji tu, haugui). Katikati mtoto alikuwa ameongezewa damu. Mama aliamini mwanawe amepona, akaacha kumpa haidroksiurea, dawa ya selimundu.

Hajapona. Karatasi ya pili ilipima damu yake iliyochanganyika na ya mchangiaji. Maelekezo ya kutengeneza himoglobini, protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, yamo kwenye DNA, katika viini vya seli changa za uboho. Jeni, kipande cha DNA chenye maelekezo hayo, hunakiliwa kuwa RNA, nakala ikatoka hadi kwenye ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, ikasomwa herufi tatu tatu; kila tatu huleta asidi amino moja, tofali la kujengea protini. Kwa mwenye selimundu, herufi moja imebadilika: GAG imekuwa GTG, hivyo nafasi ya sita ya mnyororo wa beta wa himoglobini hukaliwa na valini badala ya asidi glutamiki. Basi. Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo hushikamana na seli hupinda kama mundu.

Protini haiwezi kurudi nyuma kusahihisha DNA. Hata virusi vya UKIMWI, vinavyogeuza RNA kuwa DNA, havianzii kwenye protini. Isitoshe, seli nyekundu alizoongezewa mtoto hazina kiini. Huishi takriban siku 120 tu, huku uboho wake ukisoma maandishi yaleyale. Tumelieleza hili kila kampeni, na bado tunaambiwa "damu mpya imesafisha".

Kwa hiyo zingatieni utaratibu. Kipimo cha himoglobini kifanyike angalau miezi mitatu baada ya kuongezewa damu. Fomu iwe na jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho ya kuongezewa damu. Kama hajawahi kuongezewa, andikeni "hajawahi", msiache wazi. Damu iwekwe kwenye chupa ya mfuniko wa zambarau, itikiswe taratibu isigande. Fomu yenye pengo hurudishwa pamoja na sampuli, na mtoto atachomwa sindano upya.

Asiyeweza kusubiri aje na wazazi wapimwe. Wazazi wote wawili, akina baba: mtoto wa SS amepokea nakala moja ya jeni hiyo kwa kila mmoja wenu, na kumwachia mama lawama si haki.

Haidroksiurea nayo haibadilishi herufi ile. Huchochea jeni ya himoglobini ya kichanga ifanye kazi tena, na ikiachwa, msaada huo hupungua. Karatasi isiwaachishe dawa kabla ya kumwona daktari anayemtibu mtoto.