Kitambaa hakina mwendo: ugomvi wa matanga ya dingi

Nimeulizwa tena. Safari hii ni kijana anayesoma hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mzaliwa wa Dar, anayeendesha ILCA, dingi (mashua ndogo ya tanga) ya mashindano ya mtu mmoja, kila akirudi likizo. Kaja karakana kwangu Kizota na swali ambalo kwa kweli ni hukumu: "Fundi, wakiruhusu vitambaa vya kisasa kwenye matanga ya mashindano, si wenye hela ndio watakaokuwa wanashinda tu?" Nilikuwa natoboa matundu ya turubai la lori. Niliendelea kutoboa.

Wengine huja na ya upande wa pili. Kwa nini wakubwa wa daraja (kundi la dingi zinazofuata kanuni moja) wanang'ang'ania Dacron, kitambaa cha enzi za babu, wakati wenzetu wako kwenye nyuzi za kisasa za Kevlar na kaboni? Hawataki watoto wetu wakimbie? Makundi haya mawili yanatukanana kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka usiku wa manane, na hakuna hata moja linaloona kwamba yote yanaamini jambo lilelile, tena jambo lisilo kweli: kwamba mwendo umo ndani ya kitambaa.

Haumo. Mwendo unatoka kwenye umbo la tanga, yaani tumbo lake lina kina gani na limekaa wapi kutoka mlingotini. Shona tanga la Dacron na tanga la kitambaa cha tabaka (utando wa plastiki wenye nyuzi juu yake) kwa umbo moja, yatweke yakiwa mapya kwenye dingi mbili, upepo wa wastani. Tofauti utakayoiona itakuwa ya waendeshaji. Kinachotenganisha vitambaa hivi ni kile kinacholipata tumbo baadaye, tanga likishaliwa na jua na kupigwa na upepo.

(Kwa wanaoshangaa fundi wa matanga anafanya nini Dodoma: mke wangu ni mtumishi wa serikali, wizara ikahama, nami nikahama na cherehani zangu. Mkate wangu ni mahema na maturubai. Matanga hunifuata kwa basi, na siku hizi kwa treni ya SGR.)

Dacron ni poliesta iliyofumwa. Ina mtande na mshindio. Nguvu ikipita sambamba na uzi, kitambaa kinatulia. Ikipita mshazari, kinavutika. Usiniamini mimi, chukua kanga, shika pembe mbili zinazotazamana, uvute. Ndiyo sababu kiwandani hujaza rezini, aina ya gundi ngumu, kwenye kitambaa cha tanga na kukipitisha kwenye joto, nyuzi zishikane. Ule mlio wa karatasi unaousikia kwenye tanga jipya ni rezini hiyo. Kila tanga linapopigapiga, rezini inavunjika kidogo, mlio unapungua, mwisho unabaki na kitu laini kama shuka la gesti. Hapo mshazari unaanza kuvutika, tumbo linahama kuelekea nyuma, pindo la nyuma linajikunja kuelekea upande wa upepo, chombo kinalala badala ya kwenda mbele na hakipandi joshi tena, yaani hakisogei kuelekea upepo unakotoka. Upepo ukiongezeka ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu tumbo linazidi kukua wakati ule hasa unaotaka lipungue.

Na hapa niseme jambo linalonikera kuliko swali la kijana: watu huacha matanga yametwekwa ufukweni yakipigapiga huku wakinywa soda na kusubiri king'ora cha kuanza shindano. Halafu wanakuja kulalamikia kitambaa. Tanga linachakaa ufukweni kuliko kwenye mashindano. Litueni!

Vitambaa vya tabaka ni hadithi nyingine. Msingi wake ni utando wa plastiki, mara nyingi Mylar, ambao haukufumwa, kwa hiyo mshazari wake hauvutiki namna ile. Juu ya utando hulazwa nyuzi kufuata njia za nguvu. Kevlar, aliyoigundua Stephanie Kwolek pale DuPont mwaka 1965, haivutiki kirahisi, ila jua huitoa kwenye udhahabu na kuipeleka kwenye ukahawia huku nguvu ikipungua, na kuikunja mara kwa mara inaumia. Kaboni haivutiki kabisa ukilinganisha na zote hizi, lakini ukiikunja vibaya inakatika. Dyneema inavumilia jua na mikunjo, ila ukiiachia mzigo muda mrefu inarefuka polepole na hairudi. Kila moja ina ugonjwa wake.

Sasa turudi kwenye hela, maana hapo ndipo watu wengi hukoseshwa na kitu kinachoonekana wazi. Wanasema: kitambaa bora ni ghali, kitambaa ghali kinawafukuza wasio nacho, basi tukikataze. Mtiririko mzuri. Tatizo ni kwamba tunao mfano wa dunia nzima unaoupinga, na ni dingi hiyohiyo anayoiendesha kijana wangu.

ILCA ni ile iliyokuwa ikiitwa Laser, mchoro wa Bruce Kirby wa Kanada, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kwenye Olimpiki mwaka 1996. Tanga lake kubwa lina mita za mraba 7.06. Kanuni zake ni kali: kwa miaka mingi ilikuwa tanga moja, mchoro mmoja, kitambaa kimoja kilichoidhinishwa. Kwenye karatasi huo ndio usawa wenyewe. Lakini kitambaa kile cha zamani kilikuwa chepesi, aunsi 3.8 kwa kipimo cha washona matanga (ambao yadi yao ina upana wa inchi 28.5, msiniulize kwa nini), na tanga lilikuwa limekatwa kwa vipande vya kulala tu. Lilikuwa linachoka upesi. Sasa fikiria anachofanya mwenye uwezo: anafungua tanga jipya kwa kila shindano kubwa, la zamani analifanyia mazoezi. Asiye na uwezo anashindana msimu mzima na shuka la gesti. Wote wamefuata kanuni, mpimaji anatia sahihi, na usawa umeshaondoka zamani.

Mwaka 2016 daraja likaruhusu tanga la pili, lile la MKII. Ukubwa uleule. Kitambaa kizito zaidi, aunsi 4.5, bado kimefumwa, na vipande vimekatwa vielekee pembe za tanga, nyuzi zifuate nguvu badala ya kuikatiza. Halikuletwa liwe na kasi zaidi. La zamani na jipya yaliruhusiwa kushindana pamoja. Lililetwa lidumu. Huko juu wapo wanaoendelea kununua jipya kila mara, hilo halikwisha. Ila kwa mtu wa kawaida, pengo kati ya tanga la mwezi jana na la mwaka juzi lilipungua, na pengo hilo ndilo lililokuwa linauma. Niambieni basi, kanuni iliyong'ang'ania kitambaa chepesi ilikuwa inamlinda nani?

Tena bei ya tanga lenye muhuri wa daraja haifuati bei ya kitambaa. Ndani yake kuna leseni na muhuri wenyewe, na kwetu huku ongeza usafiri na ushuru. Matanga ya nakala, ya kufanyia mazoezi, yanashonwa kwa kitambaa kinachofanana na yanauzwa kwa bei ya chini sana. Anayesema kitambaa ndicho kinachopandisha bei aanze kwanza na hiyo.

Je, nasema basi ruksa kila kitu? Sisemi.

Juu ya bati la karakana yangu nimefunga vipande vya vitambaa mbalimbali. Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kiangazi chake hakina mawingu ya maana, na jua la hapa halimbembelezi mtu. Dacron inafifia na kulegea, lakini inabaki kitambaa. Utando wa plastiki unakauka, unaanza kupasuka pale ulipokunjwa, kisha tabaka zinaachana kuanzia pembeni. Madereva wa malori wanaoniletea maturubai wanalijua hili bila kusoma popote: turubai lenye tabaka ya plastiki hufa kwenye mkunjo kabla halijafa sehemu nyingine. Pwani ongeza unyevu na chumvi, na tanga linalofungiwa stoo likiwa bichi hadi ukungu ukaingia kati ya tabaka, mahali ambapo hakuna sabuni inayofika.

Halafu kuna kushona. Dacron ikichanika, cherehani yoyote ya zigizaga pale soko la Majengo inaweza kuweka kiraka kitakachokufikisha mwisho wa msimu. Utando ukichanika, kila tundu la sindano unaloongeza ni mwanzo wa mchaniko mwingine. Unataka kiraka cha gundi cha aina yake, na kiraka hicho kiko ng'ambo. Mtoto wa miaka kumi anayeburuta tanga lake kwenye mchanga hahitaji kitu cha namna hiyo. Wenye Optimist, dingi ya watoto iliyochorwa na Clark Mills kule Florida mwaka 1947, kanuni zao zinadai kitambaa kilichofumwa, na sijasikia hoja ya maana ya kuwabadilisha. Ila 49er, dingi ya kasi ya watu wawili, iliundwa tangu mwanzo kwa matanga ya utando na ina wenyewe wenye bajeti yake. Wenye Moth, dingi ndogo ya mtu mmoja, wao wameachia karibu kila kitu wazi, ndiyo raha yao. Tuwaache.

Na tafadhali, asije mtu na hoja ya wavuvi. Daima yupo mmoja: "Mbona kule Mtera na Ziwa Victoria wanatweka viroba na wanafika?" Wanafika, ndiyo. Hawashindani kupanda joshi dhidi ya chombo kilichochorwa sawasawa na chao, na kiroba kikichanika wanashona kingine jioni hiyohiyo. Nawaheshimu kuliko mnavyodhani. Lakini mada ni nyingine.

Kuna mambo hata sisi wenye sindano hatuna jibu safi. Tanga lililochoka linakupunguzia kiasi gani cha mwendo? Fundi akikutajia asilimia, muulize alipimaje. Kumtenganisha mwendeshaji na tanga ni kazi ngumu mno. Nimeona binti mwembamba akiwaacha wanaume wenye matanga mapya huku lake limejaa viraka vyangu. Siku hiyo upepo ulikuwa mdogo, na upepo mdogo husamehe tumbo lililohama. Au pengine alisoma tu upepo vizuri kuliko wao. Vilevile sina uhakika kwamba tanga linalodumu linawapunguzia matajiri matumizi. Inawezekana hela inahamia tu kwenye mlingoti. ILCA walipoleta kipande cha juu cha mlingoti cha kompositi (nyuzi zilizogandishwa kwa rezini) kwa sababu kile cha aluminiamu kilikuwa kinapinda moja kwa moja, ugomvi ulikuwa huuhuu, maneno hayahaya. Mimi naona walifanya sawa, lakini naielewa hofu.

Kwa hiyo kwa zile dingi zetu za mchanganyiko, ambazo kanuni zake tunaziandika wenyewe (za ILCA zinaandikwa mbali, tusijichoshe), kanuni ningeiandika hivi. Kitambaa kiwe poliesta iliyofumwa, uzito usipungue kiwango fulani, mkato wowote. Kiwango cha chini ni muhimu, kwa sababu bila hicho mtu atashona tanga jepesi la kushindia wiki mbili na kulitupa, na tutakuwa tumerudi palepale. Kisha idadi ya matanga mapya kwa msimu iwe na kikomo. Kikomo hicho kinafanya kazi kubwa kuliko maneno yote kuhusu kitambaa, na yapo madaraja nje yanayokitumia tayari. Matanga ya zamani yaendelee kushindana mpaka wenyewe wachoke nayo, yasipigwe tarehe ya mwisho.

Kusimamia si kazi. Maikromita ya kupimia unene wa kitambaa haina bei ya kutisha. Muhuri wa wino usiofutika kwenye pembe ya goshi (ile ya chini, upande wa mlingoti), tarehe, sahihi ya mpimaji, na daftari moja linalokaa kwa mtu asiyeshindana. Hilo la asiyeshindana mnalijua kwa nini.

Dirisha la plastiki kwenye tanga lisihesabiwe kuwa ni utando. Kazi yake ni kumwonyesha mwendeshaji anayekuja upande wa pili, na kwa watoto ningelifanya la lazima.