Byrnihat: dhana potofu kuhusu milima, mvua na moshi

Ripoti ya mwaka 2024 ya IQAir, kampuni ya Uswisi inayofuatilia ubora wa hewa, ilipotoka Machi 2025, jina lililokaa kileleni mwa orodha ya miji yenye hewa chafu zaidi duniani liliwaduwaza wengi: Byrnihat. Ni mji mdogo mpakani mwa majimbo ya Assam na Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India, kando ya barabara kuu itokayo Guwahati kwenda Shillong. Wastani wake wa mwaka wa chembechembe laini, zile za PM2.5 (zenye upana usiozidi mikromita 2.5), ulikuwa mikrogramu 128.2 kwa kila mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi 5. Kiwango cha India yenyewe ni 40.

Eti hewa chafu ni shida ya miji mikubwa

Byrnihat umezungukwa na vilima na vijiji, lakini ndani yake mna viwanda vya chuma, saruji na pombe kali, na malori hayaishi kupita. Mwaka uliotangulia orodha iliongozwa na Begusarai, Bihar, ambao nao si jiji kubwa.

Eti milimani hewa ni safi

Inategemea umesimama wapi. Byrnihat umekaa chini, kama kwenye bakuli. Usiku wa Januari ardhi hupoa haraka, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka miteremkoni na kutuama bondeni. Juu yake hubaki hewa yenye joto zaidi, nayo hukaa kama kifuniko cha sufuria. Moshi unaotoka kwenye dohani hupanda kidogo, hugota, kisha husambaa ubavuni. Alfajiri kama hiyo unaweza kuona mstari wa kijivu umekata mlima: juu yake vilele viko wazi, chini yake huoni nyumba ya jirani.

Kwa hiyo lile pendekezo tunalolipenda wote, la kuamka mapema ukavute hewa safi ya asubuhi, huku halifai kabisa wakati wa baridi. Kifuniko huanza kufumuka jua likishapanda na ardhi ikapata joto. Mchana kuna nafuu. Jioni kinarudi, tanuru bado zinawaka, na majiko ya kuni yanakolezwa.

Eti ule ni ukungu tu

Ukungu upo. Ila matone yake huanza kwa mvuke kugeuka maji juu ya chembechembe, na moshi unazileta kwa wingi.

Eti kwenye mvua nyingi hivyo uchafu utasafishwa

Meghalaya maana yake ni makao ya mawingu, na kijiji chake cha Mawsynram hupata karibu milimita 11,800 za mvua kwa mwaka. Lakini mvua hiyo huletwa na kusi, upepo uleule unaopita pwani yetu kabla ya kuvuka kwenda Bara Hindi. Ukishabeba unyevu wa Ghuba ya Bengal, hugonga miteremko ya kusini inayotazama Bangladesh na kumwaga sehemu kubwa ya mzigo wake hapo. Byrnihat uko mgongoni, upande wa kaskazini. Mvua inaupata, na kati ya Juni na Septemba hewa huwa afadhali, lakini Novemba hadi Februari ni ukavu mtupu.

Tena tone la mvua ni mvuvi mbovu wa vitu vidogo. Tone hunasa vumbi nene. Chembe laini husukumwa pembeni na hewa inayolizunguka tone linaposhuka.

Eti ni mabua yanayochomwa Punjab, jimbo la kaskazini magharibi mwa India

Moshi ule ni wa Oktoba na Novemba, na Delhi ndiyo inayouonja zaidi. Kaskazini mashariki kuna moto wake: mashamba ya kuhamahama, yaitwayo jhum, huchomwa kuelekea Machi na Aprili, wakati upepo nao unapeperusha mchanga mkavu wa kingo za mto Brahmaputra.

Eti basi kosa ni la bonde

Hapa ndipo ninapochoka. Bonde lilikuwepo kabla ya kiwanda cha kwanza, na baridi haitoi moshi. Serikali za majimbo haya mawili zimekuwa zikinyoosheana vidole, kila moja ikitaja viwanda vya mwenzake, ilhali moshi wa Assam na wa Meghalaya unatuama bondeni mlemle, na mashine ya kupima inausoma wote kwa pamoja.