Kusisimua misuli kwa umeme: maana yake na faida yake miguuni

Bandika pedi mbili juu ya paja, washa kifaa kidogo cha betri, na msuli wa mbele wa paja utakaza wenyewe bila wewe kuuamuru. Huko ndiko kusisimua misuli kwa umeme. Mkondo hupenya ngozi na kuamsha neva zinazoingia msulini, nazo huufanya msuli ujikunje kana kwamba amri imetoka kwenye ubongo. Jambo lenyewe ni la kale: mwaka 1791 mwanasayansi Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alichapisha majaribio yake ya miguu ya vyura iliyoshtuka kwa umeme. Usikichanganye kifaa hiki na kile cha kutuliza maumivu. Vinafanana kwa sura, ila kile hulenga neva za hisia.

Ukikaza paja kwa hiari yako, mwili huita kwanza nyuzi ndogo za msuli zisizochoka upesi, kisha zile kubwa kadiri mzigo unavyoongezeka, tena huzipokeza zamu. Umeme haufuati mpangilio huo. Huamsha nyuzi zilizo karibu na pedi, ndogo kwa kubwa, zote kwa pamoja, na zilezile kila mpigo. Ndiyo maana msuli huchoka haraka. Lakini hapo hapo ndipo ilipo faida: nyuzi kubwa zinafanya kazi hata kama mtu hawezi kubeba uzito wowote.

Kwa maoni yangu, aliyefanyiwa upasuaji wa goti ndiye anayenufaika zaidi. Goti likivimba, neva huzuia msuli wa paja usikaze sawasawa, na paja linasinyaa hata mgonjwa akijitahidi. Umeme hupita kando ya kizuizi hicho.

Kwa mtu mzima wa afya, nguvu huongezeka pia, mradi mkazo uwe mkali kwelikweli. Mtekenyo mwepesi haujengi kitu. Mara nyingi hutumika mipigo ya umeme 50 hadi 100 kwa sekunde. Katika miaka ya 1970 mtafiti Yakov Kots wa Umoja wa Kisovyeti alitumia mikazo 10 ya sekunde 10, kila mmoja ukifuatiwa na mapumziko ya sekunde 50. Anayeanza aende taratibu, kwa kuwa kuzidisha kunaweza kuvunja misuli hadi kudhuru figo. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asijaribu kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Nguvu ya ghafla, ile ya kuruka na kuchomoka mbio, ni suala jingine. Kuruka kunataka nyonga, goti na kifundo vinyooke kwa mfuatano, ndani ya muda mfupi sana. Pedi za pajani hazifundishi mfuatano huo. Paja linaweza kupata nguvu zaidi kwenye mashine ya kupimia, na mruko ukabaki palepale. Anayetaka kuruka juu zaidi itambidi aruke, wiki zilezile anazotumia umeme.