Vienna: faida kubwa si mshahara

Imani ya miaka mingi ni kwamba anayehamia mji mkuu wa Ulaya hufuata mshahara mnono, kisha kodi ya nyumba ikaumeza wote. Vienna, Austria, haiko hivyo. Tangu miaka ya 1920 manispaa yake hujenga nyumba za kupangisha; mojawapo, jengo kubwa la Karl-Marx-Hof lililofunguliwa 1930, linakaliwa hadi leo. Manispaa inamiliki nyumba takriban 220,000, na karibu nusu ya wakazi huishi katika hizo au zilizojengwa kwa ruzuku. Huu ni utu, nami nauthamini kuliko mshahara. Ila mgeni asidanganywe: kwa kawaida huruhusiwi kuomba nyumba ya manispaa kabla ya kusajiliwa kama mkazi wa jiji kwa miaka 2. Kabla ya hapo utapanga kwa mtu binafsi, mara nyingi kwa bei ya juu zaidi.