Mtandao wa bakteria ni nini?

Juzi nilipeleka chaja kwa dada yangu Nakuru. Nilienda stegi pale Nyamakima, Nairobi, nikaandika jina na namba yake juu ya bahasha, nikampa makanga. Njia hiyo ya kukabidhi mzigo kwa anayesafiri ndiyo wazo la mtandao wa bakteria: vifaa viwili vidogo mno vinapelekeana habari kwa kumbebesha bakteria aliye hai.

Vifaa hivyo hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Mbona visitumie redio kama simu zetu? Shida ni antena. Ukubwa wake hufuata urefu wa wimbi, na mawimbi ya simu yana urefu wa sentimita kadhaa. Kifaa kisichofikia hata unene wa unywele hakina pa kuiweka. Ndipo mwaka 2010 watafiti Cobo na Akyildiz wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, walipopendekeza kazi hiyo apewe bakteria. Pendekezo lao lilikuwa la hesabu na uigaji wa kompyuta, si kifaa cha kununua dukani.

Anayetajwa sana ni E. koli, yule wa tumboni mwetu. Ana urefu wa takriban maikromita 2 (maikromita ni sehemu ya milioni ya mita), na anaogelea kwa mikia inayozunguka kama pangaboi. Ujumbe huandikwa kwenye DNA, kwa kawaida kwenye plasmidi, yaani kipande cha DNA cha mviringo kilicho kando na kromosomu. DNA ina herufi nne, kwa hiyo kila herufi inabeba biti mbili, yaani tarakimu mbili za 0 au 1. Plasmidi ya herufi 5,000 inakupa biti 10,000, sawa na meseji nane au tisa za simu. Si haba kwa mchukuzi asiyeonekana kwa macho.

Njia anaijuaje? Kifaa kinachopokea humwaga kemikali anayoipenda, naye huifuata. Lakini hana pua ya kumwonyesha upande. Mfunge mtu macho umwache Kenyatta Market atafute nyama choma: atatembea kidogo, atanusa, na harufu ikififia atageuka. Bakteria naye huogelea kama sekunde moja, kisha hujibirua na kuelekea popote. Akiona kemikali imezidi ilivyokuwa sekunde chache zilizopita, huchelewa kujibirua. Basi, kwa bahati iliyosukumwa kidogo kidogo, anafika. Mwendo wake ni kama maikromita 20 kwa sekunde, hivyo milimita moja ni safari ya dakika nzima au zaidi.

Akifika, hugusana na bakteria aliye kwenye kifaa na kumpa nakala ya plasmidi, huku yeye akibaki na yake. Kupeana huku kuligunduliwa na wanasayansi Lederberg na Tatum mwaka 1946, na ndiko kunakosambaza usugu wa dawa hospitalini. Kwa maoni yangu hilo ndilo linalotia wasiwasi kuliko mwendo wa pole: ujumbe unaweza kuishia kwa bakteria asiyehusika.

Halafu kuna suala la risiti. Saa nane mchana dada alinipigia kusema chaja imefika. Kifaa kilichotuma bakteria hakipati simu kama hiyo. Kikitaka jibu, lazima bakteria mwingine atumwe kutoka upande ule.