Rosa Parks hakukaa kitini kwa sababu ya miguu kuuma

Imesimuliwa kwa miaka mingi kwamba tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, mshonaji mzee alikataa kumpisha abiria Mzungu kiti cha basi kwa kuwa miguu ilimuuma, na kwamba kitendo hicho cha ghafla ndicho kilichozaa mgomo wa mabasi, yaani Weusi kukataa kupanda mabasi yaliyowabagua. Sivyo ilivyokuwa. Rosa Parks alikuwa na miaka 42, na tangu 1943 alikuwa mwanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, ambako akiwa katibu wa tawi aliandika maelezo ya Weusi waliodhulumiwa. Baadaye alieleza mwenyewe kuwa alichochoshwa nacho ni kukubali kuonewa. Zaidi ya hayo, mwezi Machi mwaka huohuo, Claudette Colvin, msichana wa miaka 15, alikwisha kukamatwa kwa kukataa vivyo hivyo.

Kinachonihuzunisha katika simulizi hilo ni kwamba linawafuta watu walioubeba mgomo kwa siku 381. Usiku wa kukamatwa kwa Parks, Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alichapa maelfu ya vipeperushi hadi alfajiri. Georgia Gilmore, aliyekuwa mpishi, aliwakusanya wanawake wakapika kuku, keki na pai majumbani mwao, wakaviuza, na fedha zikasaidia kulipia petroli ya magari yaliyowapeleka wagomaji kazini. Majina yao yalifichwa, kwa maana ambaye angejulikana angeweza kufukuzwa na mwajiri wake Mzungu.